Jibu la swali lako kuhusu upanga

Mwalimu, rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Malindi, wewe na jamaa yote. Sisi huku tu wazima. Swali lako, kama nilikuwa gavana katika ile picha niliyovaa koti la mahameli na upanga kiunoni, nililiweka makusudi, kwa kuwa nilitaka mwaka wangu wa cheo umalizike kwanza, nikujibu nikiwa nimeuona mwanzo wake na mwisho wake.

La, sikuwa gavana, na cheo hiki hakifanani na chochote mlicho nacho katika kaunti zenu 47. Huitwa Sherifu Mkuu (si neno moja na sharifu wa Lamu, ingawa sikio husita), na katika Uingereza na Wales wapo 55, kila mmoja na kaunti yake, kwa mwaka mmoja tu. Cheo kina zaidi ya miaka 1,000. Zamani sherifu ndiye aliyemkusanyia mfalme kodi na kuwakamata wahalifu, na watu walimwogopa kiasi kwamba Magna Carta ya mwaka 1215, hati ya kale iliyomwekea mfalme mipaka, ina kifungu kinachomkataza kuchukua farasi na mikokoteni ya watu bila ridhaa yao. Nguvu hizo zimekwisha. Kilichobaki ni kuwapokea majaji wa Mahakama Kuu wanapokuja kusikiliza kesi, na kuwatembelea na kuwatia moyo polisi, wazimamoto, watumishi wa magereza na wote wanaojitolea. Mshahara hakuna, na gharama hutoka mfukoni mwako mwenyewe.

Majina husomwa mahakamani London mwezi Novemba, kisha mwezi Machi Mfalme hutoboa kitundu kwa shazia kando ya jina la aliyeteuliwa. Shazia, Mwalimu, kama zile za kushonea magunia ya korosho kwetu! Nilipoambiwa jambo hilo nilimkumbuka marehemu mama, nikaona cheo hiki si kigeni kwangu kama nilivyodhani.

Siku iliyonikaa moyoni kuliko zote ni ile niliyokwenda gerezani. Humo wafungwa wanaojua kusoma huwafundisha wenzao wasiojua, wawili wawili, dakika chache kila siku. Mzee mmoja alinisomea barua ya mjukuu wake huku akiburuta kidole chini ya kila neno. Alipofika kwenye neno gumu alinyamaza, na mwalimu wake, kijana ambaye huenda alikuwa nusu ya umri wake, hakumtajia, alingoja tu. Mzee akalipata. Niliwashukuru kwa niaba ya kaunti, na yule kijana akaniuliza kama kweli nimekuja kwa ajili yao. Hapo ndipo nilipoelewa upanga ule ni wa nini: unamfanya mtu ambaye hakuna amwonaye ajue kwamba ameonwa, na kwamba anayemshukuru hafanyi hivyo kwa niaba yake mwenyewe, bali kwa niaba ya kaunti nzima.

Sitakuficha kwamba palikuwa na machungu. Kituo kimoja cha vijana kilifungwa kwa kukosa fedha, na wazazi walinijia wakiamini kwamba mtu aliyeteuliwa na Mfalme hawezi kushindwa na jambo kama hilo. Sikuwa na bajeti wala amri, na siasa nimekatazwa kuzigusa. Niliandika barua, nikawakutanisha na watu wenye uwezo, na bado kilifungwa. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Lakini kila Jumanne nilipopata nafasi nilikwenda kwenye ghala la benki ya chakula, inayowagawia wenye shida chakula bure, nikavua koti, nikapanga makopo pamoja na bibi mmoja mstaafu anayeandika mwaka wa kuisha muda kwa kalamu nene juu ya kila kopo, ili linaloisha mapema litoke kwanza. Nilimpa cheti cha shukrani mwezi Februari. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya kreti, akaendelea na maharagwe.

Mwezi huu wa Aprili nimemkabidhi cheo mwenzangu anayenifuata. Aliniuliza aanzie wapi, mahakamani au polisi. Nikamwambia aanzie ghalani siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, na upanga auache nyumbani.

Wasalimie wote, na uniandikie.

Wako daima.