Kwa vijana wa kijiwe cha bodaboda pale njia panda

Wajukuu zangu, salaam.

Juzi asubuhi nilipita kijiweni kwenu nikakuta pikipiki zimepangwa kando, funguo mifukoni. Mmegomea ushuru uliopandishwa bila kikao. Kwa hilo sina ugomvi nanyi. Anayekutoza aje kwanza akueleze. Kilichonikwaza ni yule mwenzenu aliyetaka kumpeleka mama mjamzito zahanati. Mkayatoa upepo matairi yake yote mawili, na mmoja wenu akakirusha kikofia cha valvu mtaroni huku akicheka.

Kila mkigoma mnamtaja Machemba. Haya, tumsome basi. Mwaka 1890 Hermann von Wissmann, aliyetumwa na Wajerumani kuitiisha nchi hii, alimtaka aje ajisalimishe. Machemba, Myao aliyetawala huku uwanda wa Makonde, ngome yake ikiwa Luagala, hapa jirani Tandahimba, akajibu kwa barua, tena ya Kiswahili. Alisema ameyasikia maneno yake, ameyapima, hakuona sababu ya kumtii. Akitaka urafiki, yuko tayari. Akitaka vita, yuko tayari. Kuwa raia wake, hapana. Kama ana nguvu, amfuate.

Ninyi mkisimulia mnaishia hapo. Lakini humo humo alimwambia Mjerumani kwamba naye Machemba hataki Mjerumani amtii, maana anajua Mjerumani ni mtu huru, na wote wawili ni viumbe wa Mungu. Anayeambiwa hivyo ana mizinga, jamani!

Malaika hakuwa. Misafara iliyowatajirisha watawala wa zama zile ilishuka pwani na pembe, na watu shingoni wana minyororo. Kudai uhuru wako kwa barua kulikuwa kwepesi kuliko kuuheshimu uhuru wa jirani. Na sisi wazee tumo. Msimu mmoja tuliigomea bei ya korosho mnadani, tukasikia jirani anauza kangomba, yaani kwa magendo nje ya mnada, usiku apate nauli ya kumpeleka mtoto hospitali. Tukamwaga gunia lake kibarazani. Mkewe aliziokota korosho moja moja, kibatari mkononi, hakusema neno. Ncha ya gunia niliishika mimi.

Mwaka 1899 Wajerumani waliivamia Luagala, Machemba akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Aliyesema nifuateni alilipa mwenyewe. Ninyi mgomo wenu mnataka ulipwe na mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Endeleeni kugoma kama mna hoja. Ila iandikeni: mnatoa shilingi ngapi kwa siku, mko wangapi, stakabadhi ziko wapi, fedha imejenga nini. Ipelekeni mchana, mkiwa mmevaa mashati. Anayetaka kubeba abiria mwacheni abebe. Mkimshawishi akakubali, vema.

Jana nilikiona kile kikofia, bado kiko mtaroni karibu na mwembe. Atakayekiokota apite kwangu achukue pampu.