Kwetu na nyumbani si neno moja

Mwanangu,

Kabla hujafunga begi, fungua tena ile video uliyonitumia, pale bibi yako anaposema "kwetu". Chini ya picha umeandika neno lile lile la Kiingereza uliloandika aliposema "nyumbani". Nimeirudia mara nne usiku huu, na usingizi umekataa kuja.

Bibi akisema nyumbani, anasema pale anapolala, nyumba hiyo utakayofikia keshokutwa. Akisema kwetu, anasema ng'ambo ya mto alikozaliwa, ambako hajaishi tangu akiwa msichana. Wewe unakwenda kumrekodi kama mtu aliyebaki. Kumbe naye aliondoka. Hilo likipotea kwenye manukuu, utabaki na sura ya bibi kizee anayetazama mbali, basi.

Najua nafasi ni finyu, mistari miwili na sekunde chache tu kabla maandishi hayajafutika. Ndiyo maana nasema uchague vizuri. Au mwache aongee kidogo bila maandishi yoyote, asiyeelewa asubiri. Wala usimkate ili utimize dakika kumi za filamu yako. Hata tuzo za Oscar zinaihesabu filamu kuwa fupi mpaka dakika 40, pamoja na majina ya mwisho.

Najivuna kwa ajili yako, na nimechelewa kukuambia. Lakini pia umechelewa kwenda. Mwaka 1955 Paulin Vieyra na wenzake waliipiga filamu yao fupi, Afrique-sur-Seine, mjini Paris, kwa sababu wakoloni wa Kifaransa waliwanyima ruhusa ya kupiga filamu Afrika. Wakaielekeza kamera kwa Waafrika wenzao waliokuwa ugenini. Wewe nani alikuzuia? Miaka mitatu bibi anauliza utafika lini, na miaka mitatu mimi ndiye namjibu.

La "kwetu" bado sijalimaliza. Usipoelewa anachosema, usikisie. Muulize hapo hapo, kamera ikiendelea. Akicheka matamshi yako, mwache acheke, na kicheko hicho usikiondoe. Yule mwalimu aliyetushauri tuongee lugha moja tu ndani ya nyumba hakunilazimisha. Ningeweza kumwitikia, kisha nikirudi niendelee kuongea nawe kama nilivyoongeleshwa mimi. Niliogopa usije ukachekwa darasani. Sasa unakwenda kuchekwa ukubwani.

Kila jioni nakili ulichorekodi kwenye diski ya pili, na diski hizo mbili usiziweke kwenye begi moja. Uliza ruhusa kabla ya kumrekodi mtu yeyote, hata ndugu. Damu si ruhusa. Na ukirudi, manukuu niyasome mimi kwanza, kabla hujayapeleka kwenye tamasha lolote. Nipigie hata usiku wa manane ukikwama kwenye neno.

Bomba la jikoni limeanza kuvuja tena. Kaka yako amesema atalitazama Jumamosi, nami nimeweka ndoo. Chumbani kwako nitalala mimi wiki hii, mapazia yako ni mazito. Funguo za akiba sizioni, angalia kwenye koti lako la kijivu.

Miwani mipya ya bibi iko mfuko wa pembeni wa begi, nimeiviringisha ndani ya soksi zako nene. Mpe kabla hujawasha kamera, ili ukimwonyesha picha zake aone.

Mama yako