Masomo ya mtandaoni yaanzie shuleni, si nyumbani

Mhariri,

Naandika kuhusu pendekezo la kuchanganya masomo ya mtandaoni na ya darasani katika shule zetu. Naliunga mkono, ila mjadala umeelemea mno kwenye ununuzi wa vifaa, na huko tulishapita. Serikali ya Kenya ilianza kusambaza vishikwambi kwa shule za msingi za umma mwaka 2016. Hata hivyo, shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mwanafunzi wa Turkana au Tana River alitegemea redio, tena kama betri zilikuwepo. Waliokuwa na intaneti nyumbani waliendelea kusoma bila tatizo.

Hofu yangu ni kwamba tutarudia yale yale kwa jina jipya. Siku hizi kazi ya ziada hutumwa kwa simu ya mzazi, na simu hiyo huondoka naye alfajiri kwenda kazini. Akirudi usiku, bando limekwisha na mtoto amelala. Kesho yake anayeulizwa kwa nini hakuimaliza ni mtoto.

Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) tayari ina masomo ya kidijitali. Yapakuliwe na yahifadhiwe katika kompyuta moja ya shule, yafunguke bila intaneti, na chumba chake kiachwe wazi hadi jioni chini ya usimamizi wa mwalimu aliyepata mafunzo. Hadi hapo, Wizara ya Elimu ipige marufuku kutoa alama kwa kazi inayohitaji intaneti ya nyumbani.

Mzazi,
Kilifi