Viatu vya gofu vinatembea kwenye tailizi, wanaokanyaga majani wamevaa yeboyebo

Mhariri, salamu na pole kwa kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongelee hii ishu ya viatu vya gofu, najua wapo watakaoona sio ishu kwenye nchi ambayo watu wanabishania Simba na Yanga asubuhi mpaka usiku, lakini mimi nimebeba mabegi ya gofu kwenye viwanja vya hapa Dar miaka mingi na kila nikiingia mjini nawaona watu wamevaa viatu hivi sehemu ambazo vinaweza kuwavunja nyonga, alafu wale wanaovihitaji kweli hawana.

Vinakotoka wote tunajua, ni mtumba. Robota likifunguliwa pale Karume ndani yake kuna kila kitu, na cha gofu hakikosekani mana huko Ulaya na Marekani mtu akivaa msimu mmoja miwili anakitoa. Muuzaji anakifuta anakipiga rangi anakipanga pamoja na moka na raba, na kweli ni kiatu kizuri, ngozi safi, hakipitishi maji kirahisi, kimeshonwa na watu wanaojua kazi. Kijana anapita anakiona anasema hiki cha mtoko, analipa anaondoka. Hamna aliyemgeuzia soli akamwambia hiki kiatu kimetengenezwa kwa ajili ya majani.

Na hapo kwenye soli ndo penye mambo yote. Raba ya kawaida ukisimama soli karibu yote inagusa chini. Kiatu cha gofu chenye meno hakigusi hivyo, wewe unakuwa umesimama juu ya vinundu vichache vya plastiki, kwenye nyasi vinundu vinazama kidogo vinashika, ndo kazi yake hiyo. Sasa kwenye tailizi vizame wapi? Havina pa kuzama, uzito wako wote upo juu ya vitu vidogo vya plastiki kwenye kitu kigumu kinachoteleza, na kama kuna mtu amepiga deki muda sio mrefu ndo basi tena. Kuna kijana wa mtaani kwetu alienda benki kuchukua mkopo wa mama yake, akashuka ngazi za marumaru na hivyo viatu, akavunjika mkono sehemu mbili. Watu wakasema karogwa. Nilipoenda kumuona nikaomba nione viatu, meno yalikuwa yamelika upande mmoja na upande mwingine yapo mazima, yaani hata kwenye nyasi asingesimama sawa, sembuse kwenye marumaru iliyolowa.

Kuna aina tatu na muuzaji mwenyewe anatakiwa azijue. Ya kwanza ile ya zamani yenye misumari ya chuma kabisa, hii bado inaonekana mojamoja kwenye mtumba na hii msiivae popote ndugu zangu, klabu nyingi duniani zilishaipiga marufuku mana inachimba grini, yaani yale majani mafupi yanayozunguka shimo, na inaharibu mbao na mazulia, na kwenye zege inatoa cheche. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule jimbo la Idaho Marekani ndo yakaja meno ya plastiki, yanafungwa kwa kuzungusha na yakiisha unafungua kwa ufunguo wake unaweka mengine, hii ndo aina ya pili na ndo imejaa kwa wauzaji. Ya tatu haina meno ya kufungua, soli yenyewe ina vinundu vifupi vingi. Hii ilipata jina kubwa 2010 pale mcheza gofu wa Marekani Fred Couples alipoonekana nayo kwenye mashindano ya Masters kule Augusta, mzee wa miaka 50 akaongoza siku ya kwanza na viatu vinavyofanana na raba za kutokea, watu wakaanza kuvitafuta. Hii ya tatu ukivaa kwenda dukani au kuendesha gari sikulaumu, ila jua lami inakula vile vinundu na siku ukienda uwanjani asubuhi utateleza.

Alafu kuna hatari ambayo hata wenyewe wacheza gofu wengi hawaijui. Kiatu kinaweza kuonekana kipya kabisa juu lakini kimekaa stoo ya mtu miaka na miaka, lile povu ndani ya soli linakufa lenyewe kwa joto na unyevu hata kama hakijavaliwa. Unavaa siku ya kwanza, unatembea hatua mia mbili, soli inamegeka vipande vipande unabaki na ngozi mguuni. Kabla hujalipa kikunje kiatu, bonyeza soli kwa kidole gumba kwa nguvu, ukiona inapasuka pasuka au inatoa unga rudisha hata kama ngozi inang'aa vipi.

Nije kwa hawa wa bodaboda mana ndo wananiumiza roho zaidi. Vijana wanavipenda sana viatu hivi, wanasema vinazuia maji ya mvua, kweli vinazuia. Lakini gia ya pikipiki unaibonyeza na kuipandisha kwa ncha ya mguu na breki ya nyuma ipo chini ya mguu wa kulia, sasa soli ngumu yenye meno inajikwaa kwenye chuma, sekunde moja tu mguu umenasa na mbele kuna daladala imesimama ghafla, na nyuma umepakia mama na mtoto. Kwenye gari hivyo hivyo, meno yanashika kapeti, na soli nene unakuwa husikii pedali umeikanyaga kiasi gani. Mabosi zetu wengi wanaocheza gofu wanajua hili ndo mana utawaona wanakuja na kandambili au raba, viatu vipo kwenye begi, wanabadilisha wakifika.

Na wadogo zangu wanaocheza mpira nao waache. Kiatu cha gofu sio daluga. Soka lina sheria namba 4 inayokataza mchezaji kuvaa kitu cha hatari kwake au kwa mwenzake, ila kwenye ndondo za mtaani nani anakagua? Ukimkanyaga mwenzako na msumari wa chuma umemtoboa.

Sisemi kila asiyecheza gofu asivae. Mkulima wa Lushoto anayelima viazi kwenye mteremko, udongo umelowa, huyo avae na ashukuru Mungu, pale kiatu kipo nyumbani kwake. Mtu wa kukata majani ya ng'ombe milimani naye avae. Kipimo changu mimi ni kimoja tu, kama chini ni udongo laini au majani vaa, kama chini ni kitu kigumu vua.

Sasa nije kwa wenye viwanja. Kwenye gofu yenyewe viatu hivi sio fasheni, mchezaji anapozungusha fimbo mwili mzima unajikunja na uzito unahamia mguu wa mbele, kama anatumia mkono wa kulia basi ni mguu wa kushoto, ukiteleza hapo mpira umeenda kwa jirani na goti unaweza kulitegua. Sheria za gofu hazimlazimishi mtu kuvaa kiatu maalum, ni taratibu za klabu. Na hizo taratibu mgeni hamna anayemwambia mapema. Klabu nyingi za kwetu zina mambo ya tangu enzi za Waingereza, usibadilishie viatu parking, usiingie sehemu ya chakula na meno, piga hewa kwanza utoe majani kabla hujaingia ndani, zingine siku hizi zimelegeza zingine bado. Nimeshuhudia mtoto wa sekondari ameletwa na mjomba wake ajifunze, kavaa viatu vya mtumba amevinunua kwa hela yake, kumbe vya misumari ya chuma, akarudishwa mlangoni mbele za watu akaondoka analia na hakurudi tena. Lile kosa sio la mtoto. Bango moja la Kiswahili getini lingetosha, viatu gani vinaruhusiwa, vinavaliwa wapi, vinavuliwa wapi.

Kwenye grini pia watu wafundishwe kunyanyua miguu. Majani ya pale yamekatwa milimita chache tu, ukiburuza mguu unaacha michirizi na mpira wa anayefuata unapotea njia. Zamani ulikuwa huruhusiwi hata kuirekebisha michirizi ya viatu iliyopo mbele ya mpira wako, mpaka mabadiliko ya sheria ya 2019 ndo ikaruhusiwa, lakini kuruhusiwa kurekebisha sio ruhusa ya kuharibu.

Na hapa ndo nilipokuwa napaendea mhariri. Nani anakanyaga majani kuliko wote? Ni kedi, yule anayembebea mchezaji begi la fimbo. Mchezaji anatembea mashimo 18, kilomita nane mpaka kumi, anarudi nyumbani. Kedi anatembea hizo hizo na begi la kilo kumi na kitu mgongoni lenye fimbo mpaka 14, ndo anashuka mtaroni kutafuta mpira, ndo anapanda tuta la bunka, lile shimo la mchanga, na reki ya kusawazisha, na akipata mteja wa jioni anaenda tena. Asubuhi ya saa kumi na mbili na nusu umande umejaa, kipindi cha masika ndo usiseme, na mguuni ana yeboyebo au raba iliyoisha soli. Nimewaona wenzangu wanateguka vifundo kwenye miteremko, mtu anakaa nyumbani mwezi mzima na kedi asipobeba halipwi. Akienda mtumbani kutafuta kiatu cha gofu anakuta kimepandishwa bei sababu kuna kijana wa mjini anakitaka kwa ajili ya harusi. Kile ambacho kingemsaidia kinaenda kuteleza ukumbini.

Maprofesheno wengi wa Tanzania na Kenya, yaani wanaocheza gofu kwa kulipwa, walianza kwa kubeba mabegi, kwa hiyo mtu anayempa kedi kiatu asijione anatoa sadaka, anaweza kuwa anampa mchezaji wa kesho.

Naomba viongozi wa klabu wafanye kitu kidogo sana, waweke sanduku kwenye chumba cha kubadilishia, mwanachama akinunua kiatu kipya, kile cha zamani akiache humo, kapteni wa makedi agawe kwa zamu bila upendeleo mana upendeleo nao upo. Waweke na funguo za meno mbili tatu na pakiti za meno. Wauzaji wa mtumba nao, mteja akiuliza mwambieni ukweli hiki cha majani, mtauza tu, wakulima wapo makedi wapo. Na nyie waandishi wa michezo mkija kwenye mashindano piga picha ya kombe lakini angalieni na miguu ya wale waliobeba mabegi.

Kwa wenye viatu ndani, wengi wetu tunavaa namba 41 mpaka 43. Kama meno yameisha msitupe, yanabadilishwa. Kama soli imeanza kutoa unga hicho hata bure hatukitaki.

Wenu,
Kedi wa siku nyingi,
Kawe, Dar es Salaam