Kabla hujanunua sumaku ya kubana mafuta

Wakuu, habari za jioni. Wengi mnaulizia zile sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta. Nawaomba msinunue. Petroli haibadiliki kwa kupita kwenye sumaku, na EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, imeshapima vifaa vingi vya kubana mafuta. Vilivyoleta nafuu ni vichache mno, nayo nafuu ndogo.

Kubadilisha platini (ile swichi ndogo ya kukata umeme ili plagi zitoe cheche) kuweka moduli ya kielektroniki ni habari nyingine, hiyo naiunga mkono kabisa. Hakuna platini ya kuungua, taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, haihamihami. Ila kagua betri kwanza! Baadhi ya Land Rover za zamani chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi. Ukiweka moduli ya magari yenye hasi kwenye bodi, umeiua. Na usiache swichi imewashwa huku injini imezima.

Kwa mafuta, anzeni na kabureta, inayochanganya mafuta na hewa. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo jeti (kitundu cha kupitisha mafuta kwenye kabureta) iliyopimwa Dar huku inamwaga mafuta kupita kiasi. Fungua plagi: ukikuta masizi meusi makavu, ndiyo hiyo.

Jumamosi kila mtu aje na plagi zake, tuzitazame pamoja.