Ufa wa mlingoti wa alumini hautibiwi kwa kuchomelea tena

Kwa Mhariri,

Mashua ya tanga yenye mlingoti wa alumini inapopata ufa kwenye kiungo, wenye mashua wengi hapa Kisumu hufuata njia moja tu: mlingoti hupelekwa kwa fundi wa kuchomelea, ufa ukajazwa, sehemu hiyo ikasuguliwa kwa tupa hadi ikang'aa, na mashua ikarudi majini. Naandika kuwasihi waache mazoea hayo, kwa kuwa mara nyingi moto unaodhaniwa kuwa dawa ndio ulioudhoofisha mlingoti tangu awali.

Siwalaumu mafundi wetu wa jua kali. Wengi wao wameinukia katika chuma cha mageti na matrela, nacho chuma cha kawaida kikichomelewa vizuri hubaki na nguvu zinazokaribia zile za mwanzo. Alumini ya milingoti ina tabia nyingine. Aina mojawapo inayotumika sana, ijulikanayo kama 6061-T6, hupata ugumu wake kiwandani kwa kupashwa joto la takriban nyuzi 530, kupozwa ghafla, kisha kuokwa kwa saa kadhaa kwenye nyuzi zinazokaribia 170. Moto wa kuchomelea huvuruga kazi hiyo yote, na kwa upana wa kama sentimita 2.5 kila upande wa mshono, alumini hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, wakati mwingine zaidi. Kuurudisha ugumu huo kungehitaji tanuri la kumeza mlingoti mzima. Ndiyo maana ufa wa pili mara nyingi huzuka kando ya mshono mpya, wala si katikati yake, ambako panaonekana pamenona na kuwa imara.

Mzigo wenyewe nao si mdogo. Nyaya zinazoushikilia mlingoti kutoka kando huuvuta kuelekea chini kila upepo unapojaa tangani, na kamba ya kupandishia tanga, kwa kuwa hupita juu ya kapi kileleni na kurudi chini, huukandamiza kwa nguvu inayokaribia maradufu ya mvuto wa kamba hiyo. Hapa kwetu upepo hutoka nchi kavu alfajiri na kugeuka kutoka ziwani alasiri, mbali na dhoruba za ghafla, hivyo mlingoti hupindwa huku na huku maelfu ya mara. Chuma kikipindwa kwa kiasi kidogo tu chaweza kuvumilia miaka na miaka. Alumini haina kiwango cha usalama cha namna hiyo, na kila mpindo huhesabiwa. Wapo wasemao kwamba maji baridi ya Ziwa Victoria hayali alumini kama chumvi ya Mombasa. Ni kweli, lakini uchovu wa metali hauhitaji chumvi.

Ufa huanza pale umbo linapobadilika ghafla: mwishoni mwa mshono, kwenye pembe kali ya tundu, au ukingoni mwa bamba la kufungia nyaya. Mlingoti ulazwe chini, sehemu hizo zisafishwe, zipakwe rangi nyekundu ya kupenya, zipanguswe, kisha zipuliziwe unga mweupe. Ufa usioonekana kwa macho utajichora wenyewe. Kipimo cha sumaku kinachotumika kwenye chuma hakifai, kwa maana alumini haishiki sumaku.

Palipo na ufa, afadhali kuingiza ndani kipande cha bomba la alumini kinachokaa barabara, chenye urefu unaozidi mara kadhaa upana wa mlingoti, na kukikaza kwa riveti zilizopishana badala ya kuzipanga mstari mmoja. Bolti za chuma cha pua zikitumika, zitengwe na alumini kwa plastiki, la sivyo maji yataanzisha kutu. Kazi hii haihitaji moto hata kidogo, na fundi yeyote wa madirisha ya alumini mjini tayari ana drili na riveti za kuifanya.

Msomaji wenu,
Kisumu