Barua ya wazi kwa mheshimiwa diwani: lile tope mliloliacha pembeni ya mtaro

Mheshimiwa diwani, salaam. Ningekuamkia ila kwa umri nadhani shikamoo inatakiwa itoke kwako, tuyaache.

Jumamosi nimeamka gesi imekata, luku inasoma uniti mbili na dawa ya presha ya mama imebaki kidonge kimoja. Mamlaka ya Hali ya Hewa walishatangaza mvua kubwa tangu jana yake, sasa utafanyaje, presha haisubiri jua. Nikavaa rambo kichwani (ndio, la kabla hayajapigwa marufuku 2019, nimelitunza) nikatoka.

Bajaji mpaka barabarani siku zote buku, siku hiyo dereva ananitajia tatu hata usoni hanitazami, nikasema natembea. Kufika kwenye mtaro hakuna mtaro, kuna mto, maji meusi yamepanda mpaka kwenye kibaraza cha muuza genge, na unajua kabisa mvua ikinyesha kuna majirani zetu wanatapisha vyoo kwahiyo harufu sikuelezei. Vijana wameshafungua biashara, kupita kwenye ubao mia tano, kubebwa buku. Mheshimiwa mimi mama mtu mzima, kilo zangu sizitaji hapa, nimebebwa mgongoni na kijana wa rika la kitinda mimba wangu, mkono mmoja nimeng'ang'ania mtungi wa gesi, watu wanapiga picha!

Duka la dawa la kwanza limefungwa, la pili lipo wazi ila umeme hamna mtandao hamna na hela yangu yote iko kwenye simu. Nikakopeshwa sababu wananijua. Gesi sikupata. Luku ndo kabisa, ya nini na umeme wenyewe umekatika.

Sasa hoja yangu. Mvua silaumu mtu, masika ni masika. Na kule Jangwani maji yakijaa wakafunga Morogoro Road nusu ya Dar ikakwama, najua ule ni Mto Msimbazi unaanzia huko Pugu, diwani huuwezi. Ila huu mtaro wetu mtu mwenye miguu mirefu anauruka. Na mlizibua! Nilitoka kabisa kuwashangilia, vijana na makoleo yao siku mbili, wakatoa mchanga, chupa, nguo, mpaka godoro. Alafu tope wakaliweka wapi? Hapohapo ukingoni, tuta refu kama la viazi, wiki tatu limekaa, kila ukiuliza unaambiwa gari linakuja. Likaja gari? Ilikuja mvua, ikalirudisha ndani karibu lote. Yaani kuzibua tumelipia, kuziba tumezibiwa bure.

Naomba kitu kimoja tu, siku ya kuzibua gari liwe limeshapaki pale, tope likitoka linapanda juu jioni hiyohiyo. Kama hela ya gari ndo tatizo semeni tuchange, mbona taa ya kona tulichanga wenyewe. Na lile kalavati lisilo na mfuniko, tumechomeka tawi la mwarobaini lenye kitambaa chekundu watu wajue kuna shimo, sasa maji yakijaa hata tawi halionekani, hilo nalo liangalie.

Leo asubuhi nimepita, mvua imekata. Tope lililobaki pembeni limeshaanza kuota mchicha.

Ni mimi, mama wa kubebwa.